Dada, dawa ya kipandauso siitii begini tena

Kila nikikaribia safari ya Pemba, simu haiishi kulia. Viatu vya watoto, mafuta ya nywele, na siku hizi limeongezeka agizo jingine: "Usisahau zile dawa zako za kichwa." Viatu naleta. Dawa siitii begini tena, na nimeona niandike sababu mahali pamoja, maana nikieleza kwenye simu naonekana mchoyo.

Mimi mzaliwa wa Wete. Kipandauso kilinianza nikiwa skuli. Kwanza huja vimeta jichoni, mstari wenye meno kama msumeno unaong'ara, ukitambaa kutoka katikati kwenda pembeni. Baada ya nusu saa vimeta huondoka, ndipo upande mmoja wa kichwa unaanza kugonga, na matapishi juu yake. Msimu wa karafuu ulikuwa mateso. Majamvi yameanikwa kila pahala, na harufu ile wanayoisifu wageni ilinifukuza ndani nikajifunika leso gubigubi. Mama alinifunga kitambaa kichwani kwa nguvu, nikanyweshwa kombe, yale maji yaliyokoshewa maandishi ya Kurani, nikapigwa chuku, ile pembe ya kuumikia. Sidharau hata moja katika hayo. Mkono wa mama ulinipa usingizi, na usingizi wenyewe ni dawa kubwa ya kipandauso. Lakini kila nilipopelekwa kutibiwa nilirudi na panadoli na nasaha kwamba nipunguze mawazo. Mtoto wa miaka kumi na tatu, mawazo gani?

Nilipozaa mtoto wa kwanza nikaanza vidonge vya uzazi wa mpango, vile vyenye homoni mbili. Hakuna aliyeniuliza habari ya kichwa. Nilivimeza miaka minne, nikaja navyo mpaka Leicester, Uingereza.

Huku niliingia duka la dawa nikitaka kidonge kikali. Yule mfamasia hakunipa kitu kwanza; aliuliza. Una presha? Moyo? Kuna kiharusi kwenu? Unameza dawa gani nyingine? Nilipotaja vidonge vya uzazi akaniambia bora nikaonane na daktari. Nilikasirika, kwa sababu huku kumpata daktari ni kupiga simu saa mbili kamili asubuhi na kusubiri foleni usiyoiona. Nilipompata, akaniuliza swali ambalo kwa miaka yote ile sikuwahi kuulizwa: "Kabla hakijaanza kuuma, unaona nini?"

Nikamsimulia msumeno wangu. Siku ile ile akanisimamisha vile vidonge. Mwanamke ambaye kipandauso chake hutanguliwa na vimeta hatakiwi kutumia vidonge vyenye estrojeni, moja ya zile homoni mbili, kwa sababu hatari ya kiharusi huongezeka. Nilitoka pale magoti hayana nguvu.

Kisha akaniandikia sumatriptani, kidonge cha miligramu 50. Hii si dawa ya maumivu ya kila namna kama panadoli. Inabana mishipa ya damu iliyotanuka kichwani na kuzuia neva zisimwage zile kemikali zinazochochea maumivu. Inamezwa pale maumivu yanapoanza, vimeta vikishapita. Ukichelewa, tumbo nalo huwa limezubaa na kidonge kinakaa humo bila kufika kwenye damu. Ndiyo maana wengine huandikiwa ya kupuliza puani au sindano. Kikikusaidia halafu kichwa kikarudi, unaweza kumeza cha pili baada ya saa mbili au zaidi. Kisiposaidia kabisa, usirudie kwa shambulio lile lile. Mara yangu ya kwanza, baada ya saa moja na nusu hivi, nilikaa kitako kitandani nikalia, kwa kuwa kichwa hakikuuma tena.

Basi nikafanya kosa. Nikampelekea dada karatasi nzima ya vidonge hivyo. Dada, kwa moyo wake, akampa ami yetu alipolalamika kichwa. Ami ana presha, na dawa zake humeza siku anapokumbuka. Kifua kikambana, akakimbizwa hospitali usiku. Alhamdulillahi alirudi nyumbani, lakini mimi nimejua baada ya miezi. Dawa inayobana mishipa ya kichwa haiishii kichwani. Na ya moyo inaweza kuibana. Mwenye maradhi ya moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye presha isiyotulia, haimfai.

Huku Uingereza naona mengi yasiyonipendeza. Kila dawa anayoandika daktari nalipia pauni 9.90, na mimi nimekulia pahala ambapo matibabu bure yalitangazwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Ila lile la kuulizwa nalionea wivu kwa ajili ya watu wangu. Kwetu unaingia dukani ukataja diklofenaki au antibaiotiki, unafungiwa kwenye karatasi, unaondoka. Natamani sumatriptani ipatikane Wete na Micheweni, na Shirika la Afya Duniani lenyewe limeiweka katika orodha ya dawa muhimu. Lakini hata kabla haijafika, kuuliza mgonjwa anaona nini, presha yake ngapi na mwezi uliopita amemeza vidonge siku ngapi, hakuhitaji meli kutoka ng'ambo.

Hilo la siku ngapi ndilo lililomwokoa mama. Alikuwa anameza parasetamoli, ndiyo hiyo panadoli, kila siku, miaka. Ukimeza siku kumi na tano au zaidi kwa mwezi, au kumi au zaidi kwa hizi triptani, jamii ya sumatriptani, mwezi baada ya mwezi, dawa yenyewe inakuwa ndiyo inayoleta kichwa. Alipoacha, kwa kusimamiwa, wiki mbili za mwanzo zilikuwa nzito. Sasa kichwa humjia mara chache, na ikikaribia Ramadhani hupunguza kahawa mapema ili siku za mwanzo za funga zisimwangushe.

Kwa hiyo dada, safari hii naleta mashine ya kupimia presha, ya nyumba nzima, na ami awe wa kwanza kukaa. Wewe chukua daftari leo: tarehe, ulichokiona kabla ya kichwa, ulichomeza, saa ngapi. Nikifika tutakwenda Chake Chake kwa daktari, mimi na wewe, na daftari lile mkononi.