Kinachobaki Ijumaa: utetezi wa kukariri katika shule ya msingi

Wazazi kadhaa wa Ilemela, Mwanza, wamekuwa wakibishana juu ya ratiba ya juma moja ya darasa la watoto wa miaka minane hadi kumi, iliyoandaliwa kwa mtindo wa elimu unaoitwa wa kiklasiki, ambao umeenea katika baadhi ya shule za Marekani tangu miaka ya 1980. Jumatatu watoto hupewa beti mpya za shairi, tarehe chache za historia na sehemu ya jedwali la kuzidisha. Siku zinazofuata hunakili kwa mwandiko safi, huandika imla, husomewa hadithi na kuisimulia upya kwa maneno yao wenyewe. Ijumaa kila mmoja husimama na kuyatoa yote hayo kichwani, kitabu kikiwa kimefungwa. Hukumu ya wengi walioiona ratiba hiyo imekuwa ya haraka: huku ni kukariri, na kukariri ndiyo kasoro ambayo mtaala wa umahiri, unaotazama kile mtoto anachoweza kukifanya, ulikuja kuiondoa.

Hoja hiyo si ya kubeza. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule ijenge akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kutoka kwa wengine bila kupokea kila kitu, na hali ya kujiamini. Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 unasimama juu ya msingi huohuo. Aidha, watu wazima wengi wa kanda hii wanalikumbuka darasa ambalo mwalimu alitamka, watoto themanini wakaitikia kwa pamoja, na aliyesahau akaonja fimbo. Mtoto aliyefundishwa hivyo aliweza kuimba jedwali la saba lote, kisha akashindwa kumpa mteja chenji sahihi ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni. Anayekataa kurudishwa huko ana haki, nami sina nia ya kumrudisha.

Lakini darasa hilo tunalolikumbuka halifanani na Ijumaa ya ratiba hii. Katika kuitikia kwa pamoja, mtoto asiyejua lolote hubebwa na sauti za wenzake, na mwalimu hana njia ya kumtambua. Anayesimama peke yake bila kitabu analazimika kulitafuta jambo ndani ya kumbukumbu yake na kulitoa. Wanaosoma madrasa wanaifahamu tofauti hii vizuri, kwa kuwa huko mwanafunzi huhifadhi kisha husikilizwa, mmoja mmoja, na hasongi mbele mpaka aliyempa somo aridhike. Ni tendo hilo la kutoa, wala si kule kurudiarudia, ambalo wapinzani wa ratiba hawajalipima.

Limepimwa kwingineko. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo naliona zito kuliko maneno mengi tunayoambiana kuhusu mbinu shirikishi. Kundi moja la wanafunzi wa chuo kikuu lilisoma kifungu cha habari katika vipindi vinne. Kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likajaribu kukiandika kwa kumbukumbu, bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 83 ya kifungu, na waliojipima walikumbuka asilimia 71. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliosoma tu walibaki na asilimia 40, waliojipima wakabaki na asilimia 61. Zaidi ya hapo, waliosoma tu ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba wangekumbuka.

Tuzitafakari namba hizo kwa utulivu, kwa maana zinagusa jinsi tunavyoamua kuwa somo limefaulu. Mdhibiti ubora wa shule akiingia darasani kwa kipindi kimoja cha dakika arobaini, atayaona yale yanayoonekana baada ya dakika tano, yaani watoto wanaoitikia vizuri, mikono iliyonyooshwa, bango kitita lililojaa majibu ya vikundi. Mzazi anayepekua daftari jioni huona hayohayo. Pengo la alama 21 baada ya juma halionekani kwa yeyote kati yao, na mbaya zaidi, anayelipoteza somo ndiye anayejiamini. Kwa hiyo tunaweza kuipongeza kwa miaka mingi njia inayosahaulisha, tena kwa nia njema kabisa. Ratiba inayotumia juma, badala ya kipindi, kuwa kipimo chake walau inauliza swali katika siku ambayo jibu lina maana. Ni kweli kwamba waliopimwa walikuwa watu wazima, wakisoma kwa lugha waliyoimudu, na mtoto wa Misungwi anayezungumza Kisukuma nyumbani hayuko katika hali hiyo. Tahadhari hiyo naikubali, ila sioni kwa nini impe mtoto huyo nafasi chache zaidi za kukumbuka.

Kuhusu uelewa, ratiba ina jibu lake katika masimulizi ya katikati ya juma. Huwezi kuisimulia upya kwa maneno yako hadithi ambayo hukuielewa. Atakayeyaondoa masimulizi na kubakiza Ijumaa peke yake atakuwa ameurudisha mtindo ule ule tunaoulaumu, na naogopa shule zenye haraka zitafanya hivyohivyo.

Kilatini, ambacho shule hizo za Marekani hukipenda, ningekiacha bila majuto. Badala yake tuna utenzi, wenye mizani nane katika kila mshororo na kina cha mwisho kinachourudisha ubeti kwenye sauti moja, umbo ambalo lilikaa vifuani mwa watu kwa karne nyingi. Mtoto ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, akishika ubeti wa namna hiyo na kuelezwa maana yake, anakuwa ameshika pia upatanisho wa ngeli ambao kanuni ya ubaoni humchukua miezi kuuzoea.

Pingamizi ninaloliona kubwa kuliko yote ni idadi. Uwiano unaotakiwa na serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na tangu sera ya elimu bila malipo ianze kutekelezwa mwaka 2016 madarasa mengi ya Nyamagana na Ilemela yameuvuka mbali. Kuwasikiliza watoto 45 kwa dakika mbili kila mmoja ni dakika 90, zaidi ya vipindi viwili; wakiwa 90, ni saa tatu. Sehemu ya mzigo huo inaweza kupunguzwa, kwa sababu tarehe, jedwali na yaliyomo katika hadithi hayahitaji kusikilizwa: wote hufunga vitabu, huandika wanachokumbuka, kisha husahihisha wenyewe kwa kutazama ubao, bila alama na bila adhabu, maana fimbo ikiingia hapo watoto watatazamia kwa jirani na zoezi litakuwa limekufa. Jambo hili halihitaji hata kitabu cha ziada. Shairi ndilo gumu. Watoto wanaweza kusikilizana wawili wawili, nakala ikiwa mkononi mwa mmoja, huku mwalimu akiwasikiliza kumi tu kila Ijumaa kwa zamu. Hata hivyo, katika darasa la watoto 90, kila mmoja atamfikia mwalimu mara moja tu katika majuma tisa. Hapo wapinzani wanaweza kusema, nami sina la kuwajibu, kwamba Ijumaa hii ilibuniwa kwa ajili ya madarasa madogo.