Mbogo wa miombo: kalibre kubwa, au bunduki unayoiweza?

Kila kiangazi, nyasi za miombo zikianza kuungua, wawindaji wa Lubumbashi wenye vibali hurudia ubishi wao wa zamani: kwa mbogo, ubebe bunduki gani? Kuna wanaoshikilia kwamba chini ya kalibre .458 (namba hiyo ni unene wa risasi kwa inchi) ni kujitafutia kifo. Wengine wanajibu kwamba .375 inamaliza kazi zote, na mwenye shabaha ya kweli hahitaji hata hiyo. Kila upande una hoja nzito, lakini naona wote wanasahau kuuliza jambo moja kabla ya mengine: mnyama asipoanguka, nani atakutana naye kesho asubuhi?

Maana pori letu lina watu. Mbogo aliyepigwa vibaya hujificha kichakani, na njia inayopita karibu na kichaka hicho ni ya wachoma makala, ya mama anayekwenda kuchimba mihogo, ya kijana mwenye baiskeli iliyojaa magunia. Mwindaji amesharudi mjini. Kwa hiyo kuchagua risasi kunawahusu watu ambao hawakuulizwa.

Nianze na upande wa kalibre kubwa, kwa sababu hawa hawasemi kwa kujigamba tu. Dume la mbogo linaweza kufika kilo 800, na likishajeruhiwa linaendelea kukimbia hata moyo ukiwa umetobolewa. .458 Winchester Magnum, iliyotoka 1956, inasukuma risasi ya gramu 32 yenye unene wa milimita 11.6. .375 H&H Magnum ya 1912 inarusha gramu 19 zenye milimita 9.5. Kwa eneo, tundu la ile ya kwanza linazidi la pili kwa karibu nusu. Mbogo akitoka kichakani hatua kumi mbele yako, tofauti hiyo ina maana. Kati ya hizo mbili iko .416 Rigby ya 1911, gramu 26 na nguvu ya julu (kipimo cha nishati) 6,900 hivi, na wengi wanaoifahamu hawataki nyingine.

Upande wa pili hupenda kumtaja W. D. M. Bell, mwindaji Mskoti aliyefariki 1954. Aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ya 7 mm, na sehemu ya kazi hiyo aliifanya Lado, eneo la Nile ya juu lililokuwa chini ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Ni kweli tupu. Ila wanaomtaja mara nyingi wanaacha nusu ya habari. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kwa kila pembe ya kulenga. Alitumia risasi ngumu zisizopanuka, zilizopenya mfupa bila kupinda. Na aliishi kwa kuwinda, mwaka baada ya mwaka. Mtu anayefyatua mara chache kwa msimu hawezi kumtumia Bell kama ushahidi wake.

Hata hivyo, funzo moja la Bell linabaki, nalo linawaumiza wapenzi wa .458: teke la bunduki. .458 humrudishia mpigaji nguvu kubwa kiasi kwamba wengi huanza kufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa hofu kabla hawajamaliza kulenga. Risasi inaingia tumboni badala ya begani. Risasi ya gramu 32 tumboni ni mbaya kuliko ya gramu 19 iliyopita juu kidogo ya mguu wa mbele, mahali moyo wa mbogo ulipo, chini kabisa ya kifua. Hapo simwonei mtu haya: asiyeweza kupiga .458 akiwa amesimama, mara tano mfululizo, bila kutetemeka, aiache nyumbani.

Kinachosahaulika zaidi ni risasi yenyewe, na mimi naipa uzito kuliko kalibre. Risasi laini ya bei rahisi, iliyotengenezwa kwa ajili ya swala, hupasuka kwenye bega la mbogo na kuacha kidonda kipana kisichofika mapafuni. Risasi laini iliyojengwa imara, ya shaba tupu au yenye kiini kilichogandishwa kwenye ganda lake, hupanuka huku ikibaki nzima na kuendelea kupenya. Risasi ngumu haipanuki kabisa. Inavuka mfupa na kwenda moja kwa moja, na kwenye kundi inaweza kumtoboa mbogo wa kwanza na kumjeruhi aliye nyuma yake. Ndiyo maana wengi huweka laini imara mbele na ngumu zinazofuata, za kumfuatia anayekimbia.

Tusijidanganye kuhusu silaha zinazoua wanyama kwetu kwa wingi. Ni bunduki ya marisau ya kalibre 12 yenye gololi nene zinazoitwa zero-zero, bunduki za kufuliwa kijijini, na AK, ambayo risasi yake ya gramu 8 ina julu 2,000 tu, karibu theluthi ya nguvu ya .375. Kwa mbogo, hizo zote ni za kujeruhi kwanza na kuua baadaye, wakati mwingine baada ya siku. Sheria ya Kongo namba 82-002 ya Mei 1982 inadai kibali cha kuwinda. Tanzania inakwenda mbali zaidi: kwa wanyama hatari, .375 ndiyo ya chini. Kiwango cha namna hiyo kikisimamiwa kwa dhati hapa Katanga kingepunguza mateso mengi.

Kuhusu bunduki ya mitutu miwili au ya komeo, ile unayoijaza risasi kwa kuvuta komeo kwa mkono, sitakawia. Mitutu miwili inatoa risasi ya pili papo hapo, lakini bei yake ni ya wachache. Komeo zuri la aina ya Mauser, lenye kucha inayokamata ganda kwa nguvu, linatosha.

Basi kwa mwindaji mwenye bunduki moja nachagua .375, yenye darubini ya kukuza kidogo na risasi imara, kwani pia inafika mita 200 kwa pofu, yule swala mkubwa, bila shida na risasi zake hupatikana kirahisi kusini mwa Afrika. .458 naiacha mkononi mwa kiongozi wa msafara. Yeye hapigi wa kwanza. Kazi yake ni kumsimamisha mnyama anayekuja, kwa umbali wa hatua chache, na kwa kazi hiyo sioni kilicho bora zaidi.