Dansi ya Kutunga Pamoja: Nani Anakata Shauri?

Makundi ya dansi yanayojiita ya majaribio hukwama karibu mahali pale pale. Mwanzoni mazoezi ni raha tupu: kila mchezaji analeta miondoko yake, kosa linageuzwa kuwa mbinu, hakuna anayeambiwa hapana. Kisha tarehe ya onyesho inakaribia. Vipande vilivyokusanywa vinatosha saa tatu na onyesho ni la saa moja. Nani atakata, na nani amempa ruhusa hiyo?

Wanaoamini mtunzi mmoja wana jibu tayari: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kundi likipiga kura juu ya kila kipande, kitakachobaki ni kile ambacho hakuna aliyekipinga, na kazi ya namna hiyo huchosha kuitazama. Upande wa pili unasema mwili wa mchezaji una akiba ambayo mtunzi aliyeketi kitini haioni, na kwamba mtu aliyeshiriki kubuni hucheza jambo analolijua, hakariri la mwenzake. Nakubaliana na pande zote mbili. Tatizo langu ni kwamba zinabishana kana kwamba kushirikiana ni jambo moja.

Mtazame Merce Cunningham, Mmarekani aliyeanzisha kundi lake mwaka 1953 akishirikiana na mwanamuziki John Cage. Dansi na muziki vilitungwa mbalimbali, vikakutana jukwaani. Kilichoviunganisha ni urefu wa muda tu. Mara nyingi wachezaji waliusikia muziki kwa mara ya kwanza usiku wa onyesho. Cunningham alifika hadi kurusha sarafu ili bahati iamue hatua ipi ifuate ipi. Ukisikia hivyo unadhani ni uhuru usio na mipaka. Lakini sarafu ikishaanguka, mchezaji alitakiwa kucheza hatua ile ile, kwa hesabu ile ile, na zilikuwa hatua ngumu kwelikweli. Kwa sehemu kubwa, washirika wake walikuwa wanamuziki na wachoraji kama Robert Rauschenberg, huku wachezaji wakitekeleza.

Walioguswa na njia hiyo waliivuta mbali zaidi. Darasa la utunzi la Robert Dunn, lililofanyika katika studio ya Cunningham, lilizaa onyesho la Julai 6, 1962 katika kanisa la Judson, New York, ambapo kutembea na kukaa kwa kawaida kulihesabiwa kuwa dansi. Mmoja wa waliocheza huko, Yvonne Rainer, mwaka 1970 alikuwa na kazi ambayo wachezaji waliruhusiwa kuibadilisha kila inapochezwa. Walibadilisha kweli, hadi mamlaka ya Rainer mwenyewe yakayeyuka na kundi likawa Grand Union: halina mtunzi, linabuni papo kwa papo mbele ya watazamaji. Lilidumu hadi 1976.

Hapa pana jambo ambalo watetezi wa ushirikiano hulipita haraka. Grand Union hawakulitatua swali la nani akate. Walilikwepa, kwa sababu kisichogandishwa hakihitaji kukatwa. Gharama yake ilikuwa kukubali kwamba usiku mmoja utawaka na mwingine utapooza, na kwamba hakutabaki dansi ya kumfundisha mtu mwingine. Ni gharama ya halali. Ila kundi linalotaka onyesho lenye umbo la kudumu haliwezi kuiga uhuru huo bila kulipa gharama hiyo, na mengi hujaribu. Matokeo yake, mwenye sauti kubwa au mwenye ufunguo wa chumba cha mazoezi ndiye anayeamua. Kundi la namna hiyo lina kiongozi kama makundi mengine. Tofauti ni kwamba hakuna anayeweza kumwajibisha.

Pina Bausch, aliyeongoza dansi mjini Wuppertal, Ujerumani, tangu 1973, alishika njia ya tatu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 aliwauliza wachezaji wake maswali mengi. Wao walijibu kwa miondoko, maneno, hata kumbukumbu za utotoni. Kisha yeye alichagua, akapanga, akatupa sehemu kubwa. Malighafi ilitoka kwa kundi, mkasi ulikuwa wa mtu mmoja. Kwangu mimi hii ndiyo njia iliyozaa kazi zenye nguvu zaidi, na ndiyo inayonisumbua zaidi. Kontakthof, kazi yake ya mwaka 1978, ilichezwa upya mwaka 2000 na watu wa zaidi ya miaka 65, kisha mwaka 2008 na vijana wadogo, na haikuporomoka. Anayemtetea mtunzi atasema: mnaona, muundo ndio kazi. Lakini muundo huo ulijengwa kwa vitu ambavyo watu fulani walivitoa nafsini mwao, na leo vinachezwa na wengine.

Sheria haisaidii sana. Marekani ilianza kutaja utunzi wa dansi bayana katika sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 1976. Hata hivyo, mwaka 2004 mahakama ya rufaa huko iliona kwamba dansi nyingi za mtunzi Martha Graham zilikuwa mali ya kituo kilichomwajiri, si za mrithi wake. Ikiwa mtunzi mwenyewe anaweza kukosa umiliki, mchezaji aliyechangia dakika nne za miondoko asimame wapi?

Ndiyo maana naona heri kutenganisha mapema mambo matatu: nani anabuni, nani anachagua, na nani atatajwa na kulipwa kazi ikichezwa tena. La kwanza ligawanywe kwa ukarimu. La pili apewe mtu mmoja au wawili, hadharani. La tatu liandikwe. Wapo watakaosema karatasi huua majaribio, kwamba huwezi kujua mwezi wa kwanza nani atachangia nini. Ni kweli, na makubaliano yanaweza kuacha nafasi ya kupitiwa upya katikati ya mazoezi. Ambacho sijapata kukisikia ni mtunzi mwenye jina lake kwenye bango akilalamika kwamba jina hilo liliandikwa mapema mno.