Kabla hujalipa karo, uliza ni nani atakusimamia

Kila karibu na muhula mpya simu yangu hulia. Mara ni mwalimu tuliyefundisha naye zamani, mara ni shemeji wa jirani. Anataka kujua akasomee wapi uzamili wa ushauri nasaha: Maseno hapa karibu, Masinde Muliro kule Kakamega, ama avuke mlima hadi Kabarak au Egerton upande wa Nakuru. Karo ni ngapi? Kuna masomo ya wikendi? Nami humuuliza: ukifika kwenye mazoezi, nani atakusimamia?

Wengi hawajawahi kulifikiria swali hilo. Hata mimi sikulifikiria.

Hapa Kenya, Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia tunayo tangu 2014. Ndiyo iliyounda bodi ya kusajili wanaofanya kazi hii, na bila usajili huo huna ruhusa ya kufungua ofisi ukajiita mshauri, hata ukiwa na shahada ukutani. Shahada inakufikisha mlangoni tu. Kinachokufanya mshauri ni zile saa za kuketi na wateja, kisha saa za kuketi na msimamizi mkachambua ulichosema, ulichoacha kusema, na kwa nini.

Muhula wangu wa mazoezi ulipofika, idara ilinipa barua ya utambulisho na daftari la saa za mazoezi, la kutiwa sahihi na msimamizi. Basi. Niliizungusha ile barua Kisumu nzima, kutoka Kondele hadi Milimani, hadi kona zake zikachakaa. Mwishowe zahanati moja ndogo Nyalenda ikanipa chumba walichowekea maboksi ya glavu, viti viwili vya plastiki, na leso iliyotundikwa mlangoni badala ya pazia.

Wiki ya pili aliingia mama mmoja na mtoto mgongoni. Hakumshusha. Alisema, “Daktari, roho yangu imechoka,” kisha akanyamaza, akawa anafungua na kufunga fundo la leso alimoweka nauli yake. Nilikuwa nimesoma nadharia zote, za yule mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers na wenzake, kwa Kiingereza. Hakuna darasa hata moja tuliloulizwa mtu wa Nyalenda anamaanisha nini akisema roho imechoka. Kile kimya kikanizidi nguvu. Nikamwambia ajikaze, Mungu yupo, mambo yatakuwa sawa. Akanishukuru kwa adabu, akaondoka. Sikumwona tena.

Msimamizi nilijitafutia mwenyewe, mama mtu mzima aliyeifanya kazi hii miaka mingi, nikawa namlipa kutoka mfukoni na kupanda matatu kwenda kwake. Nilipomsimulia habari ya yule mama aliniuliza, “Mwanangu, ulimwambia ajikaze kwa sababu yeye alihitaji kusikia hayo, au kwa sababu wewe uliogopa kimya chake?” Swali hilo lilinifunza kuliko muhula mzima.

Lakini wenzangu kadhaa hawakuwa na pesa za kumlipa mtu. Walitiwa sahihi daftari zima kwa siku moja, kalamu moja, wino mmoja. Siwalaumu wao. Nalaumu mpango unaomtoza mwanafunzi karo kamili kisha unamwacha peke yake mahali ambapo kosa lake linamwangukia mgonjwa. Chuo kinachofungua programu hii kinapaswa kuwa na wasimamizi waliosajiliwa, kiwalipe kutoka kwenye hiyo karo, na kiwe kimekubaliana na hospitali za kaunti kuhusu nafasi za mazoezi kabla ya kumpokea mwanafunzi wa kwanza. Kama hakiwezi, kisimpokee.

Naona uzito wa jambo hili zaidi tangu Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Nilishangilia. Kwa miaka mingi mtu alikuwa akiokolewa leo, kesho anaogopa polisi. Sasa anaweza kuja aseme. Akija, atamkuta nani kwenye kile kiti cha plastiki? Mtu aliyesimamiwa, au mtu aliyepigiwa mhuri?

Kwa hiyo ukienda kuuliza karo, uliza pia majina ya wasimamizi. Uliza kama bodi inaitambua programu hiyo, na uombe kuona maandishi. Tafuta aliyemaliza mwaka jana akwambie alifanyia mazoezi wapi na alimlipa nani. Wakikupiga chenga, nauli ya kwenda chuo kingine ni ndogo kuliko miaka miwili.

Siku hizi mimi nami huketi na wanafunzi wawili Jumamosi asubuhi, bila malipo. Jana usiku mmoja wao ameniandikia kwamba mteja wake alinyamaza kwa muda mrefu sana, naye akanyamaza pamoja naye, mikono ikimtetemeka, hadi mteja akaanza kuongea mwenyewe. Nimemwambia alete daftari.