Gari langu halivuji, linanuka tu

Jamani naomba niongee maana nikikaa kimya nitapasuka.

Mi nina kagari kangu ka Toyota IST ka mwaka 2004, naishi Kimara, kazi Posta, na kama unaijua Morogoro Road saa moja asubuhi basi unajua kwamba gari huku sio usafiri, ni chumba cha kusubiria. Kwa hiyo AC kwangu sio mambo ya kujidai. Dar ya mwezi wa pili ile, fukuto linaanza hata hujamaliza kufunga vifungo vya shati, ukishusha kioo unakula moshi wa lori la mchanga, ukipandisha unaiva kama kiazi cha kuchemsha. Basi vioo juu, full kipupwe, twende.

Sasa siku moja nawasha AC, ile pumzi ya kwanza tu inayotoka kwenye yale matundu, Mungu wangu. Dekio. Lile dekio la bafuni lililosahaulika kwenye ndoo tangu Jumamosi. Nikajinusa kwanza mwenyewe, mtu mzima lazima uanze na nafsi yako. Kwapa safi. Soksi nimebadilisha juzi tu. Nikamtupia jicho jirani niliyempa lifti, nakuta na yeye ananitupia jicho mimi, kila mtu anamshuku mwenzake na hakuna wa kufungua mdomo, tukaenda hivyo hivyo kimya mpaka Ubungo.

Na hilo la lifti nalo ni janga lingine. Toka ninunue gari nimekuwa daladala isiyo na nauli. Kila asubuhi saa kumi na mbili kasoro nikifungua geti nakuta watu wanne wamesimama, wameshapaka mafuta, "baba, tuangushe hapo Magomeni tu". Hapo Magomeni tu. Utadhani Magomeni iko ndani ya tairi langu la mbele.

Turudi kwenye dekio. Ubaya wa ile harufu ina akili kuliko mimi. Inakupiga ukiwasha, dakika mbili tatu unataka kufa, alafu inapungua taratibu mpaka unahisi labda ulikuwa unaota. Unampelekea fundi, ananusa, "mbona hamna kitu bosi?" Unaliegesha usiku kucha, asubuhi unawasha, hiyoo, imekusubiri.

Nyumbani sasa. Jumapili tunaenda kanisani, mama watoto kakaa mbele, nawasha AC, akakaa kimya kama sekunde kumi hivi, alafu akauliza taratibu, "Ulibeba samaki?" Nikamwambia sijabeba samaki. "Ulimbeba nani?" Ndugu zangu wanaume, hilo swali halina jibu, ukisema hujabeba mtu ndo kabisa umembeba. Mama mkwe nyuma kavuta khanga kafunika pua, nikamuuliza mama vipi, akasema ni jua tu mwanangu. Jua. Ndani ya gari. Vioo vimefungwa.

Nikaanza matibabu ya nyumbani. Machinga wa kwenye foleni akaniuzia kile kimti cha karatasi cha kuning'iniza kwenye kioo, vanila. Likawa linanuka keki iliyooza. Nikaongeza stroberi. Likawa linanuka keki iliyooza kwenye hoteli nzuri. Shangazi yangu wa Tanga kusikia akasema hayo mambo ya kizungu hayasaidii, kaja na chetezo chake, kafukiza udi na ubani humo ndani vioo vimefungwa, nikatoka pale gari linanuka harusi iliyoingiliwa na msiba, na chini yake, kwa mbali, dekio bado linasalimia.

Mafundi sasa. Hivi ni nani aliwafundisha mafundi wetu kwamba AC ina ugonjwa mmoja tu? Ukisema haipozi, gesi. Ukisema ina kelele, gesi. Mi nimefika nikasema fundi, AC inapoza vizuri sana ila inanuka, jamaa hata hakuniacha nimalize, keshachomeka mageji yake ya kupimia gesi, anatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha ya eksirei, "Gesi bosi, ulijaza lini?" Elfu 60 ikaondoka. Nikawasha, aisee inapoza hiyo, inapoza mpaka goti linauma. Na inanuka vilevile. Yaani nimelipa hela ili dekio liwe la baridi.

Wa pili akaniambia kompresa, ile pampu ya AC, inakaribia kufa ndo maana inatoa harufu. Huyo nilimkimbia, kwa sababu alikuwa anaongea huku anaangalia saa yangu. Ofisini mhasibu akasema kuna panya kafia humo. Sikubishi, mambo ya panya kwenye magari yapo kweli, na dogo wa stoo akaongeza kwamba panya akifa harufu haipungui ukiendesha, inazidi. Yangu inapungua. Basi nikashukuru Mungu kwamba angalau sio marehemu.

Kuna kitu nimesahau kuwaambia, nacho ndo kinaniuma mpaka leo. Jirani yangu wa nyumba ya pili ana gari kama langu. Kila akifika na kuegesha, chini ya gari lake, upande wa kushoto, maji yanadondoka tii, tii, tii, mpaka panafanya kidimbwi. Mi nimemcheka yule mzee mwaka mzima. Namwambia baba, gari lako linakojoa, lipeleke kliniki. Langu kavu! Haijawahi kudondoka hata tone. Nilikuwa najisifia mbele za watu, jamani, nikiwa na soda mkononi.

Basi wiki iliyopita nikaenda kwa kijana mmoja, gereji yake ni mwembe na benchi, hata bango hana. Nikamweleza. Hakugusa geji. Akauliza swali moja tu, "Bosi, ukiwasha AC maji yanadondoka chini?"

Nikavimba kifua. Nikamwambia dogo, gari langu halivuji.

Akaniangalia kwa huruma. Ile huruma ya mtoto anayekuonyesha zipu iko wazi. Akafungua mlango wa kushoto, akabonyeza kapeti kwa kidole pale anapoweka miguu mama watoto, maji yakapanda. Kapeti imelowa chapachapa! Na hapo kuna mtoto wangu wa darasa la tatu nimemgombeza mara mbili kwamba anamwaga juisi kwenye gari, anakataa analia, nikamwambia na uongo unaanza hivihivi.

Dogo akanieleza, na alinieleza vizuri kuliko hao wa elfu 60. Anasema humo ndani ya dashibodi kuna evapureta, ile ndo inakuwa baridi, sasa hewa ya Dar ina maji mengi, ikipita pale yale maji yanashika juu yake, kama chupa ya soda ya baridi inavyotoka jasho mezani. Hayo maji yana kabomba kake kadogo ka kutokea chini ya gari. La mzee wa jirani linafanya kazi yake. Langu limeziba kwa matope na uchafu wa majani, maana naegesha chini ya mwarobaini nikijua nalikinga na jua, kwa hiyo maji yamefurika mpaka kwenye kapeti na mengine yamekaa humo, giza, unyevu, vumbi, ukungu umeota umejenga, na mimi kila asubuhi nauwashia feni unipulizie usoni. Nikamuuliza na gesi je? Akacheka. Gesi iko kwenye mabomba yaliyofungwa bosi, ikivuja utapata joto, hutapata dekio.

Alafu akashusha kile kidroo cha mbele ya abiria, humo nilikuwa nahifadhi bima na stakabadhi na kijiko, sijui cha nani. Nyuma yake kuna kimlango, akakifungua akavuta filta, ile ya kuchuja hewa inayoingia ndani ya gari. Ndugu zangu. Ilikuwa na majani, nywele, bawa la mende, na pembeni maandishi ya Kijapani. Kijapani! Maana yake hiyo filta ilipanda meli na gari, nami nimelimiliki gari miaka sita. Dogo anasema watu wengi wanabadilisha kila mwaka au kila kilomita elfu 15 hivi. Mi nilikuwa sijui hata kama ipo, nilijua filta ni ya oili na ile ya injini basi, kumbe miaka yote sita navuta vumbi la Japani lililochanganywa na la Kimara.

Akazibua kabomba, maji yakatoka kama ng'ombe kafunguliwa. Akapuliza dawa ya povu kwenye evapureta, tukasubiri kama robo saa, likatoka chini jeusi kama chai ya rangi iliyokaa kwenye chupa toka jana. Filta mpya, kapeti juani. Akanipa na masharti kama mganga: kile kitufe cha kigari chenye mshale unaojizungusha, cha kufungia hewa ya nje, usikiache kimebonyezwa mwaka mzima (nilikuwa nimekiacha mwaka mzima, naogopa moshi), na ukikaribia nyumbani zima AC dakika tano kabla, feni iendelee, pakauke.

Harufu imeisha. Mama watoto kapanda, kanusa, kanyamaza, ile kunyamaza nzuri. Mtoto nimemuomba msamaha, kataka baiskeli. Mzee wa jirani nilimpita kichwa chini na langu linadondoka tii, tii, akasema tu "naona na wewe umelipeleka kliniki".

Sasa kumbe kuna kitu sikukiona. Kipindi chote kile cha dekio, pale getini watu walipungua mmoja mmoja. Mmoja akasema siku hizi anapenda mabasi ya mwendokasi, mwingine eti daktari kamwambia atembee. Miezi mitatu naendesha peke yangu, redio yangu, mihogo yangu, na mimi bwege nanung'unika nanuka nanuka.

Leo asubuhi nimefungua geti saa kumi na mbili kasoro. Watu watano. Wa tano ana ndoo ya dagaa wabichi, imefunikwa na gazeti, shombo limefika kabla yake, ananiambia baba ni hapo Magomeni tu, na usijali, AC yako tumesikia imepona.

Nimempigia dogo simu kumuuliza kama ile filta ya zamani bado anayo. Anacheka. Mi sikuwa natania.