Mweka Hazina wa Kamati

Nyumbani kwetu Soweto, Moshi, mtu anayefanya kazi amevaa kandambili hana kazi. Hilo halina mjadala. Nakagua programu za kampuni moja ya Uholanzi kutoka chumba cha uani, mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi, lakini wageni wakimuuliza mama anawajibu, "Huyu yupo yupo tu, na kompyuta yake." Ndiyo maana kamati ya harusi ya binamu yangu ilipotafuta mweka hazina, Baba Mdogo, mwenyekiti, hakusumbuka kupiga kura. "Tumpe huyu. Ana nafasi. Na ana akaunti benki."

Wakati huohuo nilikuwa nakusanya makaratasi ya viza ya Hispania, ile iliyoletwa na sheria yao ya Desemba 2022 kwa wanaofanyia kazi kampuni za nje kwa mtandao. Wanataka uwe umefanya kazi na kampuni hiyo walau miezi mitatu, uwe na shahada au uzoefu wa miaka mitatu, cheti cha polisi, bima ya afya, na kipato kisichopungua mara mbili ya kima cha chini cha mshahara wa kule. Kwa 2025 hiyo ilikuwa zaidi ya euro 2,700 kwa mwezi. Mimi naupita mstari huo kwa nauli ya daladala, lakini naupita.

Nilianzia kwa mtendaji wa mtaa, kama kila jambo nchini linavyoanzia.

"Unafanya kazi wapi?"

"Kampuni ya Uholanzi, mzee."

"Kwa hiyo unahamia Uholanzi."

"Hapana, Hispania."

"Kampuni ina tawi huko?"

"Haina. Mwajiri anatakiwa awe nje ya Hispania."

Akanitazama kwa huruma, akaandika: "Mtajwa anaishi na mama yake." Akagonga muhuri.

Polisi walinichukua alama za vidole bila shida. Shida ilikuwa kurudi mtaani na vidole vyeusi. Jioni mama alikuwa anapokea simu za pole.

Yote hayo si kitu. Kitu ni taarifa ya benki. Mtumaji akiandika maelezo, benki inayachapa yote, na ukoo wetu unapenda kueleza. Mshahara wangu ulikuwemo, mstari mmoja kwa mwezi, umezingirwa na "MBUZI WA NDAFU", "BIA AWAMU YA PILI", "NIMEPUNGUZA DENI MSINISEME" na "HII NI YA MAMA, YANGU BADO". Nikaipeleka ubalozini Dar es Salaam hivyohivyo, maana huwezi kumwambia balozi benki yako imekosea shangazi.

Dada wa dirishani, Mtanzania mwenzangu, alipitisha kalamu polepole.

"Huyu wa bia awamu ya pili ni mteja wako?"

"Ni shangazi."

"Na huyu wa ndafu?"

"Shangazi mwingine."

"Mwezi huu umeingiziwa mara nne ya mshahara wako. Ijumaa moja zimetoka zote."

"Kesho yake ilikuwa harusi."

Akarudi kwenye fomu yangu, akaweka kidole. "Umeandika hujaoa."

Nikaeleza habari ya kamati. Alielewa kabisa, nadhani hata yeye alikuwa na kadi mbili tatu za michango kwenye pochi, lakini faili halielewi kamati. Akataka barua ya mwenyekiti kuthibitisha kwamba fedha zile si kipato changu.

Baba Mdogo aliipokea kazi hiyo kama uteuzi wa rais. Aliandika kwenye karatasi yenye nembo ya duka lake la pembejeo pale Kiboriloni, akaifunga bahasha kwa gundi, akagonga muhuri juu ya gundi, na kuandika "Isifunguliwe ila na Mheshimiwa Balozi". Ikafunguliwa na dada wa dirishani, akaisoma kwa sauti:

"Tunathibitisha kuwa fedha tajwa ni za kamati na si za kijana wetu. Yeye binafsi hana fedha, na mpaka sasa anadaiwa ahadi yake ya laki tano."

Kwenye bahasha kulikuwa na kitu kingine kigumu. Akakitoa: kadi ya mchango, harusi ya binamu wa pili, Desemba. Nafasi ya jina ilijazwa kwa kalamu ya wino: "Ubalozi na Mwenza".

Viza ilitoka. Nahisi waliona mtu anayedaiwa na ukoo mzima kwa maandishi hawezi kuwa anatakatisha fedha. Nikampigia Baba Mdogo kumshukuru.

"Hilo la viza sawa," akasema. "Yule dada ameahidi ngapi?"

"Hajaahidi, Baba Mdogo. Alicheka tu, akabaki na kadi."

"Amebaki nayo?"

"Ndiyo."

"Basi mwandike kwenye daftari. Laki mbili, dabo."