Daftari la wakazi Ujerumani: tatizo ni saini ya mwenye nyumba

Mtu akihama Milano kwenda München akiwa na pasipoti ya Italia, ushauri anaopewa na ndugu waliotangulia hugongana. Mmoja humwambia akafanye Anmeldung, yaani akajiandikishe kwenye daftari la wakazi, wiki hiyohiyo. Mwingine humwambia atulie kwanza, atafute kazi, aone mambo yanavyokwenda, maana Umoja wa Ulaya unamruhusu kukaa miezi mitatu bila kudaiwa chochote zaidi ya pasipoti au kitambulisho. Huyu wa pili amechanganya mambo mawili, na wengi wanaponzwa hapo.

Miezi mitatu inatokana na Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2004, nalo linahusu haki ya raia wa Umoja kukaa nchini. Anmeldung ni kuandikisha anwani yako kwenye daftari hilo, katika ofisi ya manispaa. Sheria ya Ujerumani iliyoanza kutumika Novemba 2015 inamtaka kila anayehamia nyumba aende ofisini ndani ya wiki mbili, awe Mjerumani, Mwitaliano au Mtanzania. Aliyekuja kutembea kwa muda mfupi hahusiki. Anayepuuza anaweza kutozwa faini ya hadi euro 1,000. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya na kibali cha Italia awe mwangalifu zaidi. Kibali cha kawaida humruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, eneo la Ulaya lililoondoa ukaguzi wa mipakani, siku 90 tu katika kila siku 180. Mwenye kibali cha mkazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya naye lazima aombe kibali cha Ujerumani ndani ya miezi mitatu tangu aingie. Kuandikisha anwani hakumpi yeyote kati yao haki ya kubaki.

Wanaohimiza kujiandikisha wana hoja nzito. Aliyelelewa Tanzania anaijua barua ya serikali ya mtaa na milango inayofungua. Cheti cha Anmeldung kinafungua zaidi. Ukishaandikwa, namba ya kodi hutumwa kwa posta kwenye anwani uliyotaja, na hakikisha jina lako limebandikwa kwenye sanduku la barua la jengo, la sivyo barua hurudishwa ilikotoka. Usipompa mwajiri namba hiyo, anaweza kulazimika kukukata kodi kwa daraja la sita, ambalo makato yake ni makubwa kuliko yote. Benki nyingi hukitaka cheti hicho. Raia wa nchi nyingine ya Umoja hupiga kura ya manispaa kwa sababu jina lake limo daftarini. Na kwa kuwa miaka mitano mfululizo ya ukaazi halali humpa raia huyo haki ya kudumu, daftari humrahisishia kuonyesha kwamba alikuwepo miaka yote hiyo.

Anayedhani nchi isiyo na daftari humpa mhamiaji amani aitazame Uingereza. Sheria ya vitambulisho ya mwaka 2006 ilifutwa mwaka 2010, na daftari lake la taifa likafa nayo. Ilipojitoa Umoja wa Ulaya, raia wa Ulaya waliokuwa wakiishi humo walitakiwa kuomba hadhi mpya ya ukaazi kufikia Juni 30, 2021, na mamilioni waliomba. Ambao kumbukumbu zao za kodi na mafao hazikutosha walilazimika kufukua bili na barua za miaka ya nyuma. Kabla ya hapo, mwaka 2018, ilifichuka kwamba watu waliotoka visiwa vya Karibi wakiwa watoto, wakaishi Uingereza kihalali miongo kadhaa, walinyimwa kazi na matibabu, na wengine wakafukuzwa nchini, kwa kukosa karatasi za kuthibitisha ukaazi wao. Gharama ya kutoandikwa ilimwangukia mnyonge.

Hata hivyo, wanaoliogopa daftari hawaogopi kivuli. Uholanzi ilikuwa na daftari zuri la wakazi, na Wanazi walipoivamia walilitumia kuwasaka Wayahudi. Machi 27, 1943, Willem Arondeus na wenzake walilipua ofisi ya daftari hilo Amsterdam ili kuteketeza kadi za wakazi. Wengi wao walikamatwa na kuuawa. Karibu na wakati wetu, raia wa Austria aliyeitwa Heinz Huber alipinga Ujerumani kuweka habari zake katika rejista kuu ya wageni. Desemba 16, 2008, Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kuitumia rejista hiyo kupambana na uhalifu, huku hakuna rejista ya namna hiyo kwa Wajerumani wenyewe, ni ubaguzi kwa raia wa Umoja.

Halafu kuna kisanduku cha dini kwenye fomu ya Anmeldung. Mlutheri kutoka Bukoba anaulizwa dhehebu lake, anajibu bila wasiwasi, kisha anakuta kodi ya kanisa kwenye hati ya mshahara: asilimia 8 ya kodi yake ya mapato akiwa Bavaria au Baden-Württemberg, asilimia 9 kwingineko. Wapo wanaoilipa kwa moyo mweupe. Lakini kila mtu anastahili kuelezwa maana ya jibu lake kabla hajaandika.

Linaloniuma zaidi ni karatasi ya mwenye nyumba, ambayo anayejiandikisha lazima aipeleke ofisini kuthibitisha kwamba kweli amehamia; aliyekupangisha ndiye huisaini. Ni ukurasa mmoja tu: jina la mwenye nyumba, anwani, tarehe ya kuhamia, majina ya wanaohamia, saini. Sharti hili lilikuwa limefutwa mwaka 2002, likarudishwa na sheria ile ya 2015 ili kukomesha anwani za uongo. Nia inaeleweka. Ila mhamiaji mpya mara nyingi hupanga chumba kwa mpangaji mwingine, ambaye hakumwambia mwenye jengo au hataki kipato hicho kijulikane. Huyo hasaini. Mgeni anaishi humo kweli, analipa kodi ya chumba kila mwezi, lakini kwa serikali hayupo. Ndipo wanapojitokeza wauza anwani, biashara ambayo faini yake kwa anayetoa anwani asikoishi mtu inafika euro 50,000.

Hispania imechagua njia nyingine. Sheria yake ya serikali za mitaa ya mwaka 1985 inamtaka kila anayeishi nchini aandikwe kwenye padrón, yaani daftari la wakazi la manispaa, awe na kibali au hana. Mwaka 2010 mji wa Vic ulitaka kuwakatalia wasio na kibali, ukaambiwa na mawakili wa serikali kuu kwamba hauna mamlaka hayo. Si kwamba huko hakuna hofu, kwa kuwa tangu mwaka 2003 polisi wanaweza kupata taarifa hizo. Lakini miaka iliyoandikwa kwenye padrón ndiyo baadaye humsaidia mtu kuomba kibali, na kwangu mimi huo ndio mpango wa haki zaidi: daftari linaandika mtu anapoishi, halimwachii mwenye nyumba aamue kama anaishi.

Mpaka Ujerumani ibadilike, aliyenyimwa saini asinunue anwani. Aende ofisini ndani ya muda, aseme wazi kwamba mwenye nyumba amekataa. Sheria yenyewe inamtaka atoe taarifa hiyo mara moja, na anayekataa kusaini naye anaweza kutozwa faini. Ushauri huu unamfaa mwenye haki ya kuwepo nchini. Asiye na kibali hana njia hiyo, kwa sababu ofisi za umma za Ujerumani, isipokuwa shule na taasisi za elimu, zinawajibika kuitaarifu idara ya wageni zikigundua habari zake, na sioni marekebisho yoyote ya fomu yatakayomsaidia kabla kifungu hicho hakijaondolewa.